Kandege ka Vaughan Williams na vidole viwili vya Mwenda



Juma iliyopita, kisha kazi, tulikuwa tunabishana hapa Lubumbashi, siye wane tuliosoma pamoja. Mumoja akasema: "Muziki ya Jean-Bosco Mwenda ni ya kunywea pombe tu. Muziki ya kweli ni ile ya violoni na piano." Nilinyamaza, juu miaka mingi hata mimi niliwaza vile. Baba yangu mukubwa wa Likasi alikuwa anapiga gitare kwa vidole viwili. Mimi nilimucheka, nikaenda zangu kujifunza solfeji ku korali ya parokia. Amekufa, na hakuna mutu aliyerekodi mukono wake. Leo najibu.

Tuanze na violoni yenyewe. The Lark Ascending ya Muingereza Ralph Vaughan Williams, wengi wanaijua pamoja na okestra. Lakini ilianza kama muziki ya violoni na piano. Aliiandika mwaka 1914, vita ikaisimamisha, kisha akaitengeneza tena pamoja na Marie Hall, mupiga violoni aliyeicheza mara ya kwanza tarehe 15 Desemba 1920, na piano tu. Okestra ilikuja mwaka 1921.

Mimi napenda zaidi hii ya piano. Juu ya nini? Okestra inatandika sauti chini ya violoni kama mukeka. Hata violoni ikianguka, itaanguka pa laini. Piano haiwezi. Inapiga noti, na ile noti inaanza kufa palepale. Violoni inabaki huko juu, inazunguka bila kuhesabu mapigo, sawa kandege ka mashamba kanakopanda, kanapanda tena. Pale njo unasikia woga ndani ya uzuri. Na ku mwisho piano inanyamaza kabisa, violoni inamaliza peke yake.

Kasoro iko. Katikati, pale muziki inapokuwa kama wimbo wa kijiji, piano inakauka, na unatamani rangi za okestra. Tena kwa dakika kama 15, wale wawili hawapingani hata kidogo. Violoni inasema, piano inaitikia "ndiyo, ndiyo", kama karani mbele ya mukubwa wake.

Sasa weka Masanga. Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda alikuwa kijana wa miaka kama 22. Kidole gumba chini, kidole cha shahada juu, basi. Lakini gumba hakikubali kuwa karani: kinajibu, kinakatia mwenzake njia, kinarudi. Ukifunga macho unahesabu watu wawili, kumbe ni mukono mumoja. Kwa mazungumzo, Mwenda anamushinda Vaughan Williams. Kwa pumzi ndefu na ujasiri wa kunyamaza, Vaughan Williams anamushinda Mwenda.

Na hawa wawili hawako mbali kama tunavyowaza. Tangu mwaka 1903 Vaughan Williams alitembea ku vijiji vya Uingereza akiandika nyimbo za wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, yeye na mwenzake Gustav Holst njo walimutia Tracey moyo aendelee kukusanya muziki ya Afrika. Kumbe katika njia iliyoleta ile mashine ya kurekodi mpaka Likasi, mwenye kandege naye alikuwamo.

Basi rafiki yangu alikosea wapi? Anawaza violoni njo inafanya muziki kuwa kubwa. Angalia: ule wimbo wa katikati wa The Lark, Vaughan Williams hakuunakili kwa mukulima yeyote. Aliutunga mwenyewe, na masikio yaliyokaa muda mrefu ku mashamba. Alikusanya kwanza, kisha akatunga. Siye, hatua ya kwanza tulifanyiwa: sauti ya 1952 iko, na David Rycroft aliandika gitare ya Mwenda kwa noti ku jarida African Music, mwaka 1961 na 1962. Hatua ya pili, Joseph Kiwele aliifanya kwa korali ndani ya Missa Katanga. Kwa violoni na piano, kazi inangojea mutu. Kidole cha shahada kipewe violoni, gumba kipewe mukono wa kushoto wa piano, na wasikubaliane haraka.

Kati yenu wako wanaojua solfeji, muanze. Na wewe usiyejua noti, telefone yako inajua kurekodi. Mwenda alikufa mwaka 1990. Kama ku Katuba, ku Kenya ao kwenu ku nyumba iko muzee anayepiga kwa vidole viwili, umufikie hii juma, umuombe kwa heshima, urekodi. Mimi nilikuwa na wangu. Nilikuwa paka namucheka.