Herufi Mbili

Kitabu tulichotumia mwaka mzima kujifunzia kutengeneza tovuti kina sifa zake: kinaeleza taratibu, na mifano yake inafanya kazi. Ila kila mfano unaanza na lang="en", yaani ukurasa huu ni wa Kiingereza, na hakuna sura inayosema herufi hizo mbili zina kazi gani. Rangi na vitufe vimepewa sura tatu nzima!

Mradi wetu ulikuwa tovuti ya maktaba ya shule, kwa Kiswahili. Mwenye macho haoni tofauti yoyote. Lakini mwenzetu asiyeona husomewa ukurasa na programu ya sauti, nayo huamini inachoambiwa: "pale" inatamkwa "peili", "kitabu chake na wake" kinaishia "weiki". Anasikia Kiswahili chake kikitoka kwa mgeni.

Si jambo la wataalamu tu. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 umeiweka lugha ya ukurasa katika daraja A, la masharti ya mwanzo kabisa. Msimbo wa Kiswahili ni sw. Mwandishi angehitaji aya moja tu, ukurasa wa kwanza.