Nyimbo za kupinga dhuluma: ‘Nyinyi’ ni nani, na ‘sisi’ ni nani?

Mnamo Desemba 2019, siku chache baada ya King Kaka kutoa ‘Wajinga Nyinyi’, nilimkuta soja wa jengo ninamoishi hapa Kilimani ameiinamia simu yake langoni. Alikuwa akiutazama wimbo huo kwa mara ya tatu au ya nne. Nilifurahi kama mwalimu anayemkuta mtu akisoma kitabu alichokipendekeza yeye. Tayari nilikuwa nimeuweka katika orodha ya matini ambazo wanafunzi wangu wangechambua Januari.

“Prof,” akaniuliza, “huyu anatukana nani hasa?”

Nikamweleza kwamba ni wapigakura wanaowachagua wezi kisha wakaanza kulalamika.

“Lakini mimi nilikuwa kwa laini tangu saa kumi alfajiri nikingoja kupiga kura. Sasa mimi ndiye mjinga, na yule aliyekula pesa bado anaitwa mheshimiwa?”

Nilicheka kidogo, nikapanda ngazi. Jibu sikuwa nalo.

Swali lile lilikuwa la kisarufi kuliko soja mwenyewe alivyodhani. Katika isimu tunazo nafsi tatu: ya kwanza ni msemaji, ya pili ni msemezwa na ya tatu ni anayesemwa. Wimbo wa kupinga dhuluma hauna budi kuzigawa nafsi hizi. Nani anasema? Anamwambia nani? Na mkosaji amewekwa wapi? Tukizitazama nyimbo zetu mashuhuri kwa jicho hili, hata kwa kuyapima majina yake tu, tutaona mambo ambayo midundo na video huyafunika.

Tuanze na ‘Nchi ya Kitu Kidogo’ ya Eric Wainaina, ya mwaka 2001. ‘Kitu kidogo’ ni tasfida. Anayeitisha hongo hasemi ‘hongo’. Husema chai, au kitu kidogo, na ule udogo humfanya anayetoa ajione mchoyo akikataa. Wainaina aliichukua tasfida hiyo ya faraghani akaipachika nchi nzima. Ghafla lile neno la kunong’onezana likawa shtaka. Huo ni ufundi mkubwa wa lugha. Lakini tazama nafsi: jina la wimbo halina mtendaji. Mwenye kitu kidogo ni nchi, na nchi haipelekwi kortini.

Mwaka uliofuata wakaja Gidi Gidi Maji Maji na ‘Unbwogable’. Mzizi wake ni kitenzi cha Kijaluo, ‘bwogo’, yaani kutisha, nacho kimevishwa viambishi vya Kiingereza mbele na nyuma. Hapa nafsi ni ya kwanza: mimi sitishiki. Muungano wa NARC uliukumbatia, ukashinda uchaguzi wa Desemba 2002, na wimbo wa wasiotishika ukawa wimbo wa watawala wapya. ‘Mimi’ ni vazi linalomkaa kila anayelivaa, hata mwanasiasa.

Kisha mwaka 2018 Sauti Sol, wakimshirikisha Nyashinski, wakatuletea ‘Tujiangalie’. Mofolojia ya neno hilo inatosha kuwa somo la kipindi kizima. ‘Tu-’ ni sisi. ‘-Ji-’ ni kirejeshi kinachomrudishia mtenda tendo lake mwenyewe. ‘-E’ ya mwisho ni ya dhamiri tegemezi, inayohimiza bila kuamrisha. Ni wito wa upole. Nchi ilikuwa imetoka katika uchaguzi wa 2017 uliorudiwa, na ‘sisi’ ilikuwa dawa dhidi ya ‘wale’ ya ukabila. Siwalaumu wasanii kwa kuichagua. Ila ‘sisi’ ina hatari yake. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 47. Lawama ya wizi ikigawanywa sawa kwa watu wote hao, kila mmoja atabeba chembe tu, na aliyeiba naye atabeba chembe kama yako.

Ndipo likaja shtaka la King Kaka. Najua baadhi ya wasomaji wataniandikia kwamba usahihi ni ‘ninyi’. Zote mbili zinatumika, tusipoteze wino. Jambo zito ni kwamba ‘wajinga nyinyi’ ni kauli isiyo na kitenzi. Ni nomino na kiwakilishi tu, kama kofi. Kwa haki yake, ndani ya wimbo msanii alizitaja kashfa na baadhi ya viongozi, hata kukawa na vitisho vya kumshtaki. Lakini kilichobaki vinywani mwa watu ni jina la wimbo, na jina linamwelekea mpigakura. Video ilizidisha makali hayo. Redioni, ‘nyinyi’ inaweza kuwa mtu yeyote. Mwimbaji akikukazia macho kwenye skrini ndogo uliyoishika mkononi, ‘nyinyi’ inageuka kuwa wewe.

Je, Kiswahili hakina mazoea ya kumtaja mkosaji? Kinayo. Turudi nyuma takriban miaka mia moja, hadi Unguja ya Siti binti Saad, mwanamke wa ukoo wa watumwa aliyewahi kuchuuza vyungu na ambaye mwaka 1928 alirekodi nyimbo zake Bombay. Wimbo wake ‘Kijiti’ unahusu mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa kisiwani. Muuaji alitorokea Tanganyika, na mkono wa mahakama ya kikoloni ukawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Siti hakusema ‘nchi ya wauaji’, wala hakuwaambia wenzake wajiangalie. Wimbo ulibeba jina la mkosaji, na kupitia kisa chake mahakama nayo ikawekwa kizimbani. Kila aliyeuimba mtaani alilirudia jina hilo. Mwenye kudhulumiwa, mwenye kudhulumu na mwenye kuhukumu kwa upofu, kila mmoja alikuwa na mahali pake.

Mnamo Juni 2024 tulishuhudia jambo ambalo nadharia yangu haikulitarajia. Vijana waliojitokeza kuupinga Mswada wa Fedha waliuchukua ‘Anguka Nayo’ wa Wadagliz, wimbo wa densi usiokuwa na siasa, wakaufanya wimbo wa maandamano. Kwenye TikTok ulitiwa juu ya video za watu wakikimbia moshi wa vitoa machozi katikati ya jiji. Jioni moja niliwasikia vijana wakirejea kwa miguu kwa Barabara ya Argwings Kodhek, iliyopewa jina la wakili aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau, wakiuimba kwa sauti zilizokauka. Kisarufi, ‘-yo’ katika ‘nayo’ inarejelea kitu ambacho jina la wimbo halikitaji. Vijana walilijaza pengo hilo wenyewe. Mswada uliondolewa, lakini Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilirekodi vifo visivyopungua 60 katika maandamano ya miezi hiyo miwili, Juni na Julai.

Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Kiswahili hutofautisha ujinga na upumbavu. Mjinga hajui, na asiyejua hufundishika. Yamkini King Kaka alilichagua neno hilo kwa sababu hiyo. Lakini waliolipia kuerevuka huko kwa maisha yao wanatudai nyimbo zenye nafsi zote tatu: sisi tulionyamaza, nyinyi mnaosikiliza, na yule aliyefanya, kwa jina lake, pale ushahidi unapokuwapo.

Nami nina deni langu. Nilipoupenda ‘Wajinga Nyinyi’ mara ya kwanza, niliupenda kama mtu anayesoma barua ya jirani. Mimi ni profesa, nina nyumba Kilimani, na ile ‘nyinyi’ niliisikia ikienda kwingine: Kibera, Kawangware, langoni. Haikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kuwa ndani yake, ilhali katika uchaguzi wa 2017 sikupiga kura. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali.

Soja yule alihamishiwa jengo jingine kabla sijamwambia hayo. Wimbo bado naufundisha. Nimebadilisha swali tu. Zamani niliwauliza wanafunzi msanii ametumia tamathali gani. Siku hizi nawauliza: katika wimbo huu wewe uko nafsi gani, na nani aliyekuweka hapo?