Antena ya Kimo cha Mtu

Jirani yangu wa ghorofa ya tisa, hapa Chicago, ni mzee tuliyejuana naye kwa salamu za Kiswahili ndani ya lifti. Anapenda kusikiliza marubani wakizungumza na waongoza ndege. Mkataba wake wa pango haumruhusu kufunga kitu nje ya dirisha, kwa hiyo redio yake ya skana ilitegemea ile antena fupi ya mpira iliyokuja nayo, na sauti zilimfikia zikikwaruza. Jumamosi moja nilikaa mezani kwake nikamtazama akitengeneza nyingine, kwa waya bapa wa televisheni za zamani, ule wenye nyuzi mbili na utepe wa plastiki katikati.

Antena hiyo huitwa Slim Jim. Aliitoa Mwingereza Fred Judd mwaka 1978. Asili ya antena yenyewe ni ya nyuma zaidi: mwaka 1909 Mjerumani Hans Beggerow alibuni antena ya kuning'inia chini ya meli za angani za Zeppelin, mahali ambapo hakuna ardhi ya kuegemea. Ndiyo maana uzao wake unamfaa mkaazi wa ghorofani. Sehemu ya juu, nusu wimbi, hunasa mawimbi. Ya chini, robo wimbi, huipatanisha na kebo. Haihitaji kingine.

Ndege za kiraia huzungumza kati ya megahezi 118 na 137. Mzee alichagua 127, akapiga hesabu kwa penseli: wimbi zima mita 2.36, robo yake sentimita 59. Kisha akaikata ile 59, akaandika 47.

"Mbona umepunguza, mzee?"

"Plastiki hii inalichelewesha wimbi, mwanangu. Humu linakwenda kama asilimia 80 ya mwendo wa mwanga. Ukifuata kipimo cha hewani, umekata antena ya masafa mengine."

Alikata waya, urefu wake karibu kimo cha mtu. Akamenya ncha, akazisokota mbili mbili juu na chini, akazilehemu kwa risasi mpaka zikang'aa. Mwisho wa ile robo akaukata uzi mmoja tu, akaacha pengo la sentimita mbili hivi. Wa pili hakuugusa.

Kazi iliyobaki ndiyo iliyonifanya nisahau chai yangu. Chini kabisa, nyuzi zinapoungana, ukinzani ni kama sifuri, na huongezeka kadiri unavyopanda. Kebo yake inataka omu 50. Alichukua pini mbili za cherehani zilizounganishwa na kebo, akazichoma kwenye nyuzi, akasoma kipimo. Akazichomoa, akapanda milimita chache, akachoma tena. Mara tano. Skana hupokea tu, hairushi, na hata kwa kukisia angesikia vizuri. Alilijua hilo. Lakini waya ulikuwa na mahali pake pa haki, naye hakutaka kulehemu pengine.

Ikaja zamu ya kutundika. Antena za ndege husimama wima, kwa hiyo nayo lazima isimame. Aliifunga kwa uzi kwenye fimbo ya pazia, mbali na fremu ya chuma, akawasha skana. Kimya. Nondo zilizo ndani ya zege hurudisha mawimbi, na chumba kimoja kina mahali yanapoongezana na mahali yanapouana. Akaisogeza shibiri moja kushoto. Kukwaruza. Shibiri nyingine, na rubani akasikika akitaja urefu aliofikia, neno kwa neno, kana kwamba yuko jikoni.

Mzee hakusema kitu. Alikaza fundo, akachora alama ndogo ya penseli kwenye fimbo, akaniomba nizime taa ili aone ndege yenyewe ikipita.