Mashuka, Mabomba ya Plastiki na Dakika 45 za Kimya

Aprili 1999, nje ya mahakama ya Laramie, mji mdogo wa jimbo la Wyoming nchini Marekani, mchungaji Fred Phelps alisimama na wafuasi wake na mabango yao ya rangi kali. Ndani alikuwamo Russell Henderson, mmoja wa vijana wawili walioshtakiwa kwa kumuua Matthew Shepard, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wyoming aliyekuwa na miaka 21. Oktoba ya mwaka uliotangulia Shepard alipigwa, akafungwa kwenye ua nje ya mji na kuachwa humo usiku wa baridi. Alifia hospitalini tarehe 12. Alikuwa akipenda wanaume wenzake, na mabango ya Phelps yalidai kwamba marehemu yuko motoni na kwamba Mungu anawachukia watu wa namna yake. Mazishini kwake, mjini Casper, Phelps na watu wake walikuwapo pia.

Safari hii walikuta wamesubiriwa. Romaine Patterson, rafiki wa marehemu, alikuja na vijana wenzake wakiwa na kanzu nyeupe na mabawa makubwa, kama futi 7 kwenda juu na futi 10 kutoka ncha hadi ncha. Waliwazunguka waandamanaji, wakayakunjua mabawa na kukaa kimya. Aliyekuwa barabarani aliona malaika. Mabango yalibaki nyuma ya kitambaa.

Miezi michache kabla ya hapo, Moisés Kaufman na kundi lake la maigizo, Tectonic Theater Project la New York, walikuwa wamefika Laramie kuwahoji wenyeji. Mahojiano yalizidi 200. Wakayafanya tamthilia, The Laramie Project, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Denver mwaka 2000. Waigizaji wanane wanabeba wahusika zaidi ya 60, na miongoni mwa wahusika hao wamo Phelps na Patterson. Tukio la malaika limo ndani ya mchezo, linachezwa jukwaani.

Baada ya hapo tamthilia ikaenea katika shule za sekondari na vyuo vya Marekani, na kanisa la Phelps, Westboro Baptist la Topeka, Kansas, likaanza kuifuata. Wanafunzi walijikuta katika hali ambayo nadhani haina mfano: jukwaani wanamwigiza mtu ambaye wafuasi wake wako nje ya lango, na kitabu walichoshika mkononi kwa ajili ya mazoezi kina maelekezo ya namna ya kuwakabili. Habari nyingi zilizoandikwa juu ya maandamano haya husema upendo uliishinda chuki. Sibishi, ila maelezo hayo hayamsaidii mwalimu wa maigizo ambaye Ijumaa saa kumi na moja jioni atapokea wageni wenye mabango. Walichofanya Patterson na wanafunzi waliomfuata ni kazi ya jukwaa tangu mwanzo hadi mwisho: nani anaona nini, akiwa wapi, kwa muda gani, na nani anyamaze.

Tuanze na mpinzani. Westboro ni kanisa dogo ambalo sehemu kubwa ya waumini wake ni ukoo mmoja. Phelps mwenyewe alikuwa wakili hadi Kansas ilipomfutia leseni mwaka 1979, na wengi wa watoto wake walisomea sheria. Hawa si wahuni wa kukurupuka. Hutangaza mapema wanakokwenda, siku na saa. Husimama pale polisi walipowaelekeza. Hukaa muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, kisha hukunja mabango na kwenda kituo kinachofuata. Nidhamu hiyo iliwafaa mahakamani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 8 dhidi ya 1, katika kesi ya Snyder na Phelps, kwamba maandamano yao karibu na mazishi ya askari huko Maryland yanalindwa na uhuru wa kusema. Walikuwa mahali pa umma, kama mita 300 kutoka kanisani, na walikuwa wametii kila agizo la polisi.

Kwa hiyo kuwafukuza hakuwezekani. Kuwapiga ngumi nako hakufai, kwa sababu atakayerusha ngumi ndiye atakayekuwa mshtakiwa, na picha ya gazeti kesho yake itakuwa ya ngumi hiyo. Hata kubishana nao ni hasara. Kamera hufuata makelele, na mwanafunzi wa miaka 17 aliyekasirika, akimpigia kelele mtoto aliyebebeshwa bango na wazazi wake, ni picha waliyosafiri maili nyingi kuitafuta.

Hata hivyo, ratiba yao ndiyo udhaifu wao. Ukijua siku, saa, mahali na urefu wa onyesho la mwenzako, unaweza kuandaa la kwako lianze dakika tano kabla ya lake na liishe dakika tano baada yake.

Sasa mabawa yenyewe. Vifaa ni vya bei rahisi: mashuka meupe, na mabomba ya plastiki ya PVC, yale yale ya fundi bomba. Bomba huunda mifupa ya bawa, shuka hushonwa au kufungwa juu yake, na fremu nzima hukaa mgongoni na mabegani mwa mvaaji, mikono ikiisaidia kufunguka. Mwanafunzi yeyote aliyewahi kujenga ukuta wa uongo kwa ajili ya jukwaa anaweza kutengeneza jozi moja katika karakana ya shule. Mabomba yakichomolewa kwenye elbo zake yanaingia ndani ya gari dogo.

Ugumu uko kwenye upepo. Futi 7 kwa 10 ni karibu mita 6.5 za mraba za kitambaa, na kitambaa hicho ni tanga. Laramie iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwenye uwanda wenye upepo wa kusifika. Mvaaji asiyefanya mazoezi nje ya jengo atasukumwa hatua mbili nyuma kwenye dhoruba ya kwanza, pengine mpaka kifuani kwa mwandamanaji, na hapo ndipo kesi inapozaliwa. Mimi ningeacha viungo vya juu bila gundi ili upepo ukizidi bawa lichomoke badala ya kumwangusha mtu, na ningewafanyisha mazoezi uwanjani, si ukumbini.

Kuna pia hesabu ya macho, ambayo watu huiruka. Upana wa bawa unajitosheleza: futi 10 ni mita 3, hivyo kundi lililosimama kwenye mita 12 za ukingo wa barabara linahitaji malaika watano, ncha zikipishana kidogo ili anayetazama kwa upande asipate mwanya. Urefu ndio unaosumbua. Bango lililoinuliwa juu ya kichwa linafika mita 2.8 bila shida, na bawa ni mita 2.1. Mtazamaji mwenye macho kwenye urefu wa mita 1.6, akiwa mita 20 kutoka bangoni, ataona nusu ya juu ya bango kama malaika amesimama mita 2 mbele ya mwandamanaji. Malaika huyo huyo akisimama mita 5 mbele ya mtazamaji, bango lote linapotea. Lakini akiwa karibu na mtazamaji mmoja, hamfuniki mwingine aliye mbali zaidi kwenye foleni.

Kwa maneno mengine, ukiwa karibu na bango unawakinga watu wengi kwa upana na kuwaacha wazi kwa juu. Ukiwa karibu na foleni unakinga kikamilifu, ila unahitaji mstari mrefu wa watu. Kwenye shule yenye uzio wa polisi kati ya pande mbili, hiari hiyo haipo, kwani huwezi kuwasogelea waandamanaji. Basi safu moja iwe kando ya uzio, nyingine kandokando ya njia ya kuingilia ukumbini, mabawa yamefunguliwa, na wenye tiketi wapite katikati. Kama wavaaji hawatoshi, ningechagua hiyo ya pili. Anayekingwa hasa si mji mzima. Ni yule kijana mmoja kwenye kundi la waigizaji ambaye mabango yanamsema yeye, na ambaye lazima atoke kwenye maegesho ya magari hadi mlango wa nyuma wa jukwaa akiwa bado na sauti ya kuigizia.

Vazi lina hoja yake pia, na hapa Patterson alikuwa na jicho la mwongozaji. Angeweza kuchagua miavuli au mapazia meusi, vyote vinaficha. Lakini Phelps alikuja akisema anazungumza kwa niaba ya mbingu. Aliyesimama mbele yake alivaa vazi la mbinguni na hakusema kitu. Hakuna aya iliyosomwa kujibu aya.

Tuilinganishe mbinu hii na njia ya Patriot Guard Riders, waendesha pikipiki walioanza mwaka 2005 kuwakinga wafiwa wa askari dhidi ya Westboro. Wao walitumia bendera za taifa na, ilipobidi, ngurumo za injini kuzizima kelele za waandamanaji. Kwenye mazishi ya mwanajeshi, injini ni heshima ya aina yake. Nje ya ukumbi wa shule zingeharibu jambo, maana watazamaji wanaingia kusikiliza mchezo ambao sehemu kubwa yake ni watu wanaosimama na kuzungumza polepole. Kimya cha malaika kinaandaa masikio yao.

Kimya hicho hakiji chenyewe. Dakika 45 za maandamano ni muda mrefu, na vijana hawajazoea kutukanwa bila kujibu. Anayetaka kufanya hivi lazima afanye mazoezi ya matusi: nusu ya kundi ivae mabawa, nusu nyingine isome kwa sauti mambo mabaya kabisa yatakayosemwa, mwalimu akiwa na saa mkononi. Atakayecheka au kulia hana kosa. Anapewa kazi nyingine, ya kupokea tiketi au kugawa maji. Na awepo mtu mmoja asiye na mabawa, meneja wa jukwaa wa barabarani tuseme, ambaye peke yake ndiye anayeongea na polisi na waandishi wa habari. Malaika akihojiwa, onyesho limekufa.

Wengine waliongeza fedha. Desemba 2008, Westboro walipoandamana dhidi ya The Laramie Project jijini Boston, wapinzani wao walikusanya ahadi za michango zilizopimwa kwa dakika: kadiri waandamanaji walivyokaa, ndivyo mfuko wa watu wanaochukiwa na Westboro ulivyonona. Ni ujanja mtamu, lakini una tundu. Westboro hutangaza safari nyingi ambazo hawafiki. Wasipokuja, mfuko unabaki mtupu na wewe unajikuta ukiwatamani waje, jambo ambalo ni kichekesho. Wanafunzi wa chuo cha Vassar, jimbo la New York, waliliziba tundu hilo mwaka 2013 walipotangaziwa maandamano (hayo hayakuhusu tamthilia). Walichukua muda uliotangazwa, dakika 45, wakauzidisha kwa dola 100, wakaweka lengo la dola 4,500 kwa Trevor Project, shirika linalozuia vijana wa aina ya Shepard kujiua. Mchango ulitegemea tangazo, si mahudhurio. Zilipatikana zaidi ya dola 100,000.

Mabawa nayo yalisafiri. Juni 2016, baada ya watu 49 kuuawa kwenye klabu ya Pulse mjini Orlando, Florida, na Westboro kutangaza kuja mazishini, waliotengeneza mabawa mapya walikuwa watu wa Orlando Shakespeare Theater. Sishangai. Karakana ya maleba ina cherehani, ina watu wanaojua kumaliza kazi kwa siku tatu, na ina desturi ya kutii ishara.

Mbinu hii ina masharti, na sharti kubwa ni polisi wanaolinda pande zote mbili. Malaika wa Laramie walisimama salama kwa sababu sheria ile ile iliyomlinda Phelps iliwalinda na wao. Tena inafaa pale tu adui anapokuwa barabarani. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1988, kesi ya Hazelwood, uliwapa wakuu wa shule mamlaka mapana juu ya kinachotoka kwa jina la shule, na Desemba 2022 wanafunzi wa Timber Creek, Texas, waliarifiwa kwamba The Laramie Project waliyokuwa wakiisubiri haitachezwa shuleni kwao. Hakukuwa na bango la kufunika.

Kwetu tuliona sura nyingine ya jambo hili Nakuru, Aprili 2025. Mahakama Kuu ya Kenya ilikuwa imeagiza wasichana wa shule ya Butere waruhusiwe kuigiza Echoes of War, tamthilia ya Cleophas Malala, kwenye mashindano ya kitaifa. Malala akakamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi, na wasichana wakaletwa kwenye ukumbi usio na watazamaji. Mabawa yasingewafaa kitu mbele ya moshi. Walisimama, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Kama mchambuzi wa jukwaa naona akili ile ile ya Patterson: alichukua vazi ambalo Phelps aliliona ni lake, nao wakachukua wimbo ambao askari analazimika kuusimamia wima hadi beti ziishe, na ulipoisha wakaelekea mlangoni.