Kwaherini, nyimbo kumi na moja za Liverpool

Usiku wa nusu fainali ya Eurovision, watangazaji husoma majina ya nchi kumi zilizopita, moja baada ya nyingine, bila kufuata nafasi. Zilizobaki hazitajwi. Wimbo ulioandaliwa kwa miezi, wenye watunzi wake, wapiga vyombo wake na mama wa mwimbaji aliyekesha mbele ya televisheni, unajua kwamba umeyaaga mashindano kwa sababu tu orodha imeisha. Hata pointi zake hufichwa mpaka fainali ipite. Hakuna mkono wa kwaheri. Basi leo naziaga rasmi nyimbo 11 zilizoachwa njiani Liverpool, Mei 2023, na kila moja ina haki ya kuelezwa ilikatwa vipi.

Mwaka huo majaji wa kitaalamu waliondolewa kwenye nusu fainali, wakabaki watazamaji peke yao. Kila nchi ilihesabu kura za wananchi wake, ikazipanga nyimbo kwa wingi wa kura, kisha ikatoa pointi kwa kumi za juu tu: 12, 10, halafu 8 kushuka hadi 1. Jumla ni 58. Wa kumi na moja hapati kitu, awe amepitwa kwa kura elfu moja au kwa kura moja. Kura zenyewe hazijumlishwi kutoka nchi hadi nchi. Zinageuzwa kuwa nafasi, na nafasi zinageuzwa kuwa pointi. Watu wa nchi zisizoshiriki nao walifunguliwa mlango wa kupiga kura mtandaoni kwa kadi ya benki, na kura zao zote, za Nairobi, Dar es Salaam, New York na kwingineko, zikawekwa kapu moja lenye pointi 58, sawasawa na Malta.

Ongeza na hili: kila mtazamaji aliruhusiwa kupiga hadi kura 20, zote kwa wimbo mmoja akipenda. Anayeuhusudu wimbo anapiga mara 20. Anayeuona mzuri tu anatabasamu, anaiweka simu chini na kwenda kuchemsha chai. Hapo ndipo nyimbo zetu zilipozama. Sioni kama zilichukiwa. Zilipendwa kwa kiasi, na kwa hesabu hii kupendwa kwa kiasi na watu wengi hakukufikishi popote.

Itazame nusu fainali ya kwanza, Mei 9. Nchi 15 zilishindana. Wapiga kura walikuwa hizo 15, pamoja na Ufaransa, Ujerumani, Italia na kapu la dunia. Mafungu 19 ya pointi 58 yanafanya pointi 1,102. Ufini ilizoa 177. Sasa jumlisha za nyimbo tano zilizotolewa: Latvia 34, Ireland 10, Uholanzi 7, Azerbaijan 4, Malta 3. Zote pamoja ni 58. Nyimbo tano kwa umoja wao ziliambulia kile ambacho mpiga kura mmoja hugawa usiku mmoja!

Kwaheri inayoniuma zaidi ni ya Latvia. Sudden Lights walileta "Aijā", wimbo wa kubembeleza uliovikwa magitaa ya roki, na wakakosa nafasi ya kumi kwa pointi tatu: Serbia 37, wao 34. Ingetosha nchi moja tu iliyoipa Serbia pointi mbili zaidi ya Latvia izibadilishane nafasi hizo mbili. Serbia ingeshuka hadi 35, Latvia ingepanda hadi 36, na Luke Black, mwimbaji wa Serbia, ndiye angefungasha virago. Tena kuna jambo lililoamuliwa mapema, Januari 31, droo ilipofanyika St George's Hall. Waandaaji huzigawa nchi katika vyungu kwa kuangalia nani humpigia nani kura, ili majirani watenganishwe. Latvia ikaangukia nusu fainali ya kwanza. Estonia na Lithuania, majirani zake wa damu, zikaenda ya pili, zisiweze kuipa hata pointi moja. Serbia yenyewe ilikuwa upande mmoja na Croatia, na pia Uswisi, ambako wako watu wengi wenye asili ya Serbia. Sudden Lights, mlishindwa na ramani kabla hamjafungua midomo.

Malta, The Busker, na saksafoni yenu ya furaha! Mliimba wa pili. Dirisha la kura lilifunguliwa baada ya nyimbo zote 15, na Ufini ikawa ya mwisho kuimba, kelele zake zikiwa bado masikioni watu waliposhika simu. Nafasi ya pili ina historia mbaya. Hakuna wimbo ulioimbwa wa pili katika fainali uliowahi kutwaa ubingwa. Lakini sitaibebesha lawama zote. Norway iliimba kabla yenu na ikapata 102. Wimbo wa mapema unahitaji kitu kimoja kinachokaa kichwani kwa saa nzima, na sherehe yenu ilikuwa nzuri mwanzo hadi mwisho bila kuwa na hicho kimoja.

Ireland, mabingwa mara saba, pole. Uholanzi, poleni Mia Nicolai na Dion Cooper; hata mkono wa Duncan Laurence, mshindi wa 2019, katika utunzi haukuwavusha. Pacha wa Azerbaijan, kwaherini na gitaa zenu.

Katika nusu fainali ya pili, Mei 11, mambo yalikuwa wazi zaidi. Diljá wa Iceland alilijaza jukwaa peke yake, akapata 44, nafasi ya kumi na moja, pointi 30 nyuma ya Estonia. Iru wa Georgia, mwenye sauti ya kupasua paa, 33. Victor Vernicos wa Ugiriki, kijana wa miaka 16, 14. Reiley wa Denmark, aliyefungua usiku, 6. Hapa Estonia ndiyo ya kuchunguzwa. Alika alipita wa mwisho kati ya kumi. Siku mbili baadaye, fainalini, majaji walirudi na kumpa 146, watazamaji 22 tu, akamaliza wa nane. Wimbo ule ule, sauti ile ile. Naamini Iru na Diljá walikuwa na sauti za kuwashawishi majaji vivyo hivyo, ila wao hawakupewa nafasi ya kusikilizwa nao.

Na kwa nini majaji hawakuwepo? Katika mashindano ya 2022, Turin, umoja wa watangazaji wa Ulaya ulisema kura za majaji wa nchi sita zilikuwa na mwenendo usio wa kawaida, ukazifuta, ingawa baadhi ya vituo vilipinga. Sita hizo ni Azerbaijan, Georgia, Montenegro, Poland, Romania na San Marino. Mageuzi yakafuata. Mwaka uliofuata Montenegro haikushiriki, Poland ikapita, na nne zilizobaki zote zikatolewa na watazamaji. Waimbaji wa nchi hizo nne hawakuhusika kwa lolote na yaliyotokea Turin.

Romania na San Marino ziliondoka na sifuri. Theodor Andrei, Piqued Jacks, msiisome hiyo sifuri kama kwamba hakuna aliyewapigia. Maana yake ni kwamba hakuna nchi iliyowaweka kumi bora yake. Huenda mlikuwa wa kumi na moja mahali pengi. Novemba 2025 ilitangazwa kwamba majaji wanarudi kwenye nusu fainali kuanzia 2026, na kikomo cha kura kwa mtazamaji kinapunguzwa kutoka 20 hadi 10. Kwenu kumi na moja yamechelewa, lakini nawaambia wazi: kwa kanuni hizo mpya, Latvia na Iceland ningeziwekea dau la kupita.