Mashapo Kama Ushahidi: Uhakiki wa Usomaji wa Isimila na Ziwa Masoko

Maelezo mengi kuhusu Isimila, korongo lililo karibu na mji wa Iringa, huanza na mashoka ya mawe na kuishia kwenye tarakimu moja: miaka 260,000. Uhakiki huu unadai kwamba tarakimu hiyo imebebeshwa uzito usioustahili, kwa kuwa imetenganishwa na mashapo ilimotoka.

Isimila ilijulikana kwa wanaakiolojia mwaka 1951, kisha F. Clark Howell na wenzake wakaichimba mwaka 1957 na 1958. Walikuta tabaka za mchanga zikipishana na za udongo mfinyanzi, mabaki ya ziwa dogo lililokwisha kukauka. Ubora wa kazi yao ni kuzihusisha zana na tabaka zake. Hata hivyo, umri uliochapishwa mwaka 1972 ulitokana na kupima urani ndani ya mfupa. Mfupa uliofukiwa huweza kufyonza urani kutoka majini kwa muda mrefu, au kuipoteza. Kwa hiyo kipimo hicho ni makadirio, tena hakizisemei tabaka zote. Vilevile, kurundikana kwa zana mahali pamoja si lazima kuwe dalili ya makazi, kwani mkondo wa maji huchukua vipande vidogo na kuviacha vizito.

Ziwa Masoko, kusini-mashariki mwa Tukuyu mkoani Mbeya, linafaa kulinganishwa na Isimila. Ni ziwa la kreta ya volkano lisiloingiwa na mto wa kudumu. Matope yake yametuama katika maji tulivu kwa zaidi ya miaka 40,000, yakihifadhi chavua na majivu ya volkano. Hapo kila umri husomwa pamoja na kina chake, na tabaka za juu na chini huuthibitisha au kuukanusha. Masoko nayo ina mpaka wake: kaboni-14 haivuki takriban miaka 50,000, hivyo mbinu hiyo haiwezi kuhamishiwa Isimila. Kinachoweza kuhamishwa ni nidhamu ya kutotaja umri bila kutaja tabaka.

Kwa hiyo, mwandishi anayetaja miaka 260,000 bila kuutaja mfupa, tabaka na shaka inayoandamana navyo hamdanganyi msomaji, ila anamnyima nafasi ya kuipima hoja mwenyewe.