Unyumbufu wa Nani? Vipimo vya Mnyororo wa Ugavi katika Nchi Zisizopakana na Bahari

Vipimo vingi vya unyumbufu wa mnyororo wa ugavi vina asili yake kiwandani. Katika miaka ya 1980 Nigel Slack aliutazama unyumbufu kwa pande mbili: upana, yaani hali ambazo mfumo unaweza kuzimudu, na mwitikio, yaani muda na gharama ya kuhama kutoka hali moja hadi nyingine. Mwaka 1999 Benita Beamon aliupeleka mjadala kwenye mnyororo mzima. Modeli ya SCOR nayo ikauliza swali la kiutendaji: kampuni inahitaji siku ngapi kuongeza kwa asilimia 20 shehena inayowafikia wateja, bila kupanga kabla, na kukidumisha kiwango hicho?

Swali hilo linafaa pale ambapo barabara haitiliwi shaka. Mwagizaji wa Kampala au Kigali hana anasa hiyo. Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya yalipovuruga njia ya kutoka Mombasa na reli ikang'olewa Kibera, Uganda na Rwanda zilikumbwa na uhaba wa mafuta. Wafanyabiashara hawakuhitaji nyongeza ya asilimia 20. Walihitaji kupokea walichokwisha kuagiza. Kipimo kinachotazama ongezeko peke yake hakioni tukio la namna hiyo.

Kasoro nyingine ni nzito zaidi. Tafiti nyingi hutegemea hojaji ambamo meneja huipa kampuni yake alama, kwa kawaida 1 hadi 5. Anayeona njia mbili kwenye ramani, Mombasa na Dar es Salaam, hujipa 4 bila kusita. Upana umehesabiwa, mwitikio umesahauliwa. Je, ana wakala wa forodha katika bandari ya pili? Ana mkataba na wasafirishaji wa Ushoroba wa Kati? Kontena lililokwisha kushushwa Mombasa halisikilizi alama za hojaji. Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulipofungwa kwa malori, yaliyokuwa yakienda Kigali yalielekezwa Kagitumba. Njia mbadala ilikuwepo, lakini uamuzi haukuwa wa kampuni yoyote, na Gatuna haikufunguliwa tena kwa kudumu hadi Januari 31, 2022.

Kwa hiyo mtafiti anayelinganisha kampuni za Nairobi na za Kigali kwa hojaji moja huwapa mameneja sifa au lawama zinazoihusu jiografia na forodha. Mshauri wa sera akimfuata, atapendekeza mafunzo ya uongozi mahali palipohitaji dhamana ya forodha inayokubalika katika shoroba zote mbili. Aidha, ghala la akiba lililomwokoa mwagizaji wakati wa uhaba huonekana katika hesabu za mwaka uliofuata kama mtaji uliolala.

Ushahidi bora umo katika nyaraka za mizigo: siku kati ya agizo la kubadili njia na kufika ghalani, gharama iliyoongezeka kwa kila kontena, na sehemu ya shehena ambayo haikuweza kuhamishwa kabisa, kwa kila tukio la kufungwa kwa njia, likipimwa peke yake.